Mawe meusi kwenye mtaro wa msingi: akiolojia ni kazi ya nani?

Swali la msomaji:

Daktari, habari. Mimi ni fundi wa mjengo, naishi Kayole. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba msingi wa nyumba upande wa Lukenya, nikaona vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, vina makali ya kukata kidole, pamoja na vigae viwili vya chungu vyenye mistari. Foremani aliniambia nitupe tuendelee na kazi. Mwenzangu mmoja anasema kuna watu hununua vitu kama hivi. Nilivileta nyumbani, na binti yangu wa Gredi ya 6 ameviweka kwenye mkebe wa majani chai. Tangu siku hiyo tunatazama video za akiolojia kila jioni, ila zingine zinatuchanganya. Je, vitu hivi vina maana yoyote? Na mtu kama mimi, niliyeishia darasa la nane, naweza kushiriki akiolojia, ama hiyo ni kazi ya wazungu na watu wa digrii?

Jibu:

Ndugu yangu wa Kayole, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kutotupa. Nitaanza na mkebe wa binti yako, kwa sababu jibu la swali lako kubwa limo humo humo ndani.

Sijavishika vitu hivyo kwa mkono wangu, kwa hiyo umri wake siwezi kukutajia. Lakini umevieleza vizuri kuliko barua nyingi ninazopokea. Jiwe jeusi linalong'aa kama chupa na lenye makali ya kukata kidole, kwa maelezo hayo, ni opsidiani. Ni kioo kinachotengenezwa na volkeno, pale lava inapopoa haraka mno. Vijiwe vidogo hafifu vya aina hiyo huonekana huku na huku, lakini opsidiani safi, ile ambayo mtu anaweza kuigonga akapata kisu, kwetu hutoka Bonde la Ufa, hasa pande za Naivasha. Kutoka huko hadi Lukenya ni karibu kilomita 100. Jiwe halina miguu. Kama vipande vyako ni vya aina hiyo, basi kuna mtu aliyevibeba, au aliyevipata kwa mtu mwingine, naye huyo kwa mwingine, mpaka vikafika kwenye kilima kile mnachokiona mkiwa Mombasa Road.

Jambo hili halijakisiwa tu. Kioo cha kila volkeno kina mchanganyiko wake wa madini, kama vile kila jikoni ina mkono wake kwenye mchuzi. Kipande kidogo kuliko ukucha kinaweza kupimwa na kulinganishwa na milima kinakoweza kuwa kimetoka. Vipande vilivyochimbuliwa Lukenya vimepimwa hivyo, na vingine vimeonekana kuwa vya pande za Naivasha. Lukenya yenyewe ni mahali pazito kwa sisi tunaofanya kazi hii: chini ya miamba yake watu walijikinga mvua na jua kwa makumi ya maelfu ya miaka, wakaacha zana zao, mifupa ya wanyama waliowala, na mahali pengine hata michoro kwenye mawe. Baadaye wakaja wafugaji. Wafugaji wa kwanza walifika nyanda za kusini mwa Kenya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, nao walikuwa na vyungu, na pia walitumia opsidiani.

Mwambie binti yako achukue kipande kimoja akae nacho karibu na dirisha. Atazame upande ulio laini. Akiona uvimbe mdogo karibu na ukingo mmoja, na kutoka hapo mawimbi yanayotawanyika kama ya maji ukidondosha kokoto kwenye beseni, hapo ndipo jiwe lilipogongwa. Nakuonya, sururu na greda pia huvunja mawe na kuacha alama kama hiyo. Tofauti ni kwamba uso uliovunjika jana hung'aa sana, na ule wa zamani mara nyingi umefifia kidogo, kana kwamba umepuliziwa pumzi.

Vigae sitavikisia. Vinaweza kuwa vya wafugaji wale wa kale, na vinaweza kuwa vya nyanya fulani wa Ukambani aliyefinyanga chungu chake miaka 80 iliyopita. Vyote viwili vina thamani kwangu. Usidharau vigae. Miaka ya 1930 kule Nyanza kulikuwa na mhubiri mmoja wa Kianglikana, Owen, ambaye hakuwa mwanaakiolojia kwa kazi, ila alikuwa na jicho. Alikusanya vyungu vilivyokuwa vikitokeza kwenye ardhi iliyomomonyoka mahali panapoitwa Urewe, ambapo leo ni kaunti ya Siaya. Vyungu hivyo vilielezwa kwenye maandishi mwaka 1948, na baadaye jina la kijiji hicho likawa jina la aina nzima ya vyungu vya wakulima na wafua chuma wa kwanza wa eneo la maziwa makuu. Leo mtu akichimba Rwanda au Uganda akapata kigae cha namna ile, huandika "Urewe". Pwani nako aina nyingine inaitwa Kwale. Majina ya vijiji vyetu yamesafiri mbali kwa sababu ya vigae kama hivyo ulivyonavyo.

Sasa umeona kwamba kila nilichosema kinategemea mahali? Naivasha, Lukenya, Urewe, Kwale. Kipande cha opsidiani ndani ya mkebe kinaniambia jambo moja tu, kwamba mtu aligonga jiwe. Kipande hicho hicho kikiwa ndani ya ardhi, futi tatu chini, juu ya udongo mwekundu na chini ya udongo mweusi, kando ya kigae na punje ya mkaa, kinaniambia nani alikuwa na nani, nani alitangulia, na kwa kupima ule mkaa, lini. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo mwanaakiolojia yeyote atakuuliza ni: ulikipata wapi hasa, na kando yake kulikuwa na nini? Hakuna profesa duniani anayeweza kulijibu badala yako. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya ule mtaro, na huenda wewe ndiye shahidi pekee. Foremani alikuwa juu, na saruji sasa imeshamwagwa.

Nikupe mfano ambao binti yako ataupenda. Kule Kilifi kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walianza kuchimba pale mwaka 2010. Mwaka 2013 wakaanza kuona vipande vya mifupa laini mno, na mwaka 2017 ndipo shimo dogo lilipoonekana lote, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango ya leo. Mifupa ilikuwa inageuka vumbi ikiguswa. Hawakuvuta kitu. Walifunika lile donge zima la udongo kwa plasta, wakalibeba mpaka Nairobi, kisha likapelekwa Hispania kwa wataalamu wa kazi hiyo. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa kwa ubavu, amekunjwa magoti. Jinsi kichwa na mabega yalivyokuwa yamekaa ilionyesha kwamba mwili ulifungwa kwa kitu, na kichwa kikaegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye, kama mto wa kulalia. Alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Ni kaburi la kale zaidi la binadamu wa namna yetu linalojulikana barani Afrika. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na jina hilo likabaki hivyo katika kila lugha habari ilipochapishwa mwaka 2021.

Fikiria mtu mwenye haraka angelikuta shimo lile. Angepata unga wa mifupa na meno machache. Kaburi lilitambuliwa kuwa kaburi kwa sababu udongo uliojaza shimo ulikuwa tofauti na udongo wa pembeni. Kila ninapolisimulia jambo hili huwa nanyamaza kidogo. Mzazi mmoja alimfunga mwanawe vizuri na kumwekea mto, na tunajua hilo kwa sababu tu hakuna aliyeharakisha.

Twende kwenye swali lako la pili, lile la darasa la nane.

Ukifika Makumbusho ya Nairobi utakuta mifupa ya kijana wa Turkana, ambaye kwenye kumbukumbu ameandikwa KNM-WT 15000. Herufi WT maana yake ni magharibi mwa Turkana. Hata namba yake imetanguliza mahali. Ni mifupa ya mvulana aliyekufa karibu miaka milioni 1.5 iliyopita, na ni miongoni mwa mabaki kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana. Aliyemwona ni Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani ambaye masomo yake hayakuvuka shule ya msingi. Mwaka 1984, siku ya mapumziko, wenzake wakiwa kambini, yeye alitoka kutembea karibu na mto mkavu wa Nariokotome. Kati ya changarawe nyeusi za lava akaona kipande kidogo cha fuvu, nacho cheusi vilevile. Mimi nimepita kwenye changarawe za namna ile na wanafunzi wa shahada ya uzamili, tukatembea juu ya visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, bila kuviona, mpaka kijana wa Kiturkana aliyekuwa akituchotea maji akatuonyesha kwa kidole.

Kamoya alianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama kibarua wa kuchimba. Kuna nyani wa kale aliyepewa jina lake, Kamoyapithecus. Alifariki mwaka 2022. Wala hakuwa peke yake. Fuvu maarufu namba 1470 la binadamu wa kale, kutoka Koobi Fora mashariki mwa Ziwa Turkana, liliokotwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972. Fuvu la Kenyanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, la miaka milioni 3.5, lilionwa na Justus Erus mwaka 1999. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, zile za Lomekwi zenye miaka milioni 3.3, zilipatikana mwaka 2011 na kikosi kilichokuwa kimepotea njia, na ndani ya kikosi hicho macho ya wenyeji wa Turkana yalifanya kazi kubwa. Pale Lomekwi kuna jambo ambalo fundi atalielewa haraka: watafiti walipata kibanzi cha jiwe kinachoingia sawasawa kwenye jiwe kilikobanduliwa, kama kifuniko na chupa yake. Kama mtu angekuwa amepita kabla yao akabeba kile kibanzi kwa sababu kinapendeza, ushahidi ungekatika katikati.

Nasema haya kwa uchungu kidogo pia. Kwa miongo mingi majina ya watu hawa yaliwekwa mwisho wa makala, kwenye aya ya shukrani, ama hayakuwekwa kabisa. Walioandika walipata vyeo na vitivo, na walioona walipata mshahara wa mwezi. Mambo yamebadilika, ingawa polepole. Leo wanaoongoza uchimbaji ni Wakenya wengi wenye shahada zao, na chuo kikuu cha Nairobi kinafundisha akiolojia. Lakini ukisikia mtu akisema akiolojia ya Kenya ilifanywa na wazungu, mwambie waliandika wao, lakini macho yalikuwa ya nani?

Kuna kosa la upande wa pili ambalo sisi wataalamu hulifanya. Tunapozungumza juu ya "umma", tunawaza kundi la watu waliokaa kwenye viti wakisubiri kuelimishwa. Nenda kwenye kaya za Wamijikenda, ile misitu takatifu iliyoingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Pale wazee ndio wanaosema nani aingie, kwa njia gani, na nini kisiguswe. Nenda Mfangano, kisiwani Ziwa Victoria, ambako michoro ya miambani iko chini ya uangalizi wa jamii ya Abasuba na makumbusho yao wenyewe. Michoro ile imedumu kwa sehemu kubwa kwa sababu watu waliiheshimu na kuihusisha na mvua, muda mrefu kabla ya mtafiti yeyote kutia mguu. Huo ni ulinzi wa kweli, na haukuhitaji cheti.

Kuhusu yule mwenzako anayesema kuna wanunuzi. Huenda wapo. Ukweli ni kwamba vibanzi vichache na vigae viwili havina bei ya kubadilisha maisha ya mtu, na anayekwambia vinginevyo anakutafutia balaa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba vitu vya kale bila leseni na kuvisafirisha nje bila kibali, na inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo aiarifu Makumbusho. Lakini sitaki nikuzuie kwa woga wa sheria peke yake. Nataka ujue biashara hii hufanya nini.

Wamijikenda husimika vigango, mbao zilizochongwa, kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wezi waliving'oa usiku, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia Marekani kwenye kuta za matajiri na ndani ya makumbusho, vikiitwa sanaa. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa na vigango alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa, na familia ikaona misiba yote iliyofuata imetokana na wizi ule. Miaka mingi ikapita. Vigango vile vikatambuliwa ng'ambo, kwa sababu ya ile picha. Mwaka 2007 familia ikafanyiwa sherehe ya kurudishiwa. Wengi hawakuwa na picha.

Kwa hiyo simu yako ni chombo cha akiolojia. Siku nyingine ukikuta kitu, kabla ya kukigusa, piga picha kikiwa pale pale ardhini. Weka shilingi 10 ama rula ya fundi kando yake ili ukubwa uonekane. Piga nyingine kutoka mbali, ionyeshe ukuta wa mtaro na rangi za udongo. Fungua ramani ya simu ubonyeze mahali ulipo, uhifadhi. Pima kwa futi yako kina kutoka juu. Yote hayo hayazidi dakika tatu. Kama hakuna budi kuondoa kitu kwa sababu lori la zege limeshafika, kiweke kwenye karatasi peke yake na uandike tarehe na mahali. Usikioshe, maana wakati mwingine mabaki ya chakula hubaki kwenye ngozi ya ndani ya chungu na yanaweza kuchunguzwa. Usigundishe vigae kwa gundi. Na usiendelee kuchimba kutafuta vingine. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, najua, hasa kwa mtu mwenye shauku. Lakini shimo la mtu mwenye shauku na shimo la mwizi huacha udongo uliovurugika namna ile ile.

Vya kwako vimeshatoka ardhini, na sikulaumu. Kama ungeviacha vingekuwa chini ya msingi sasa hivi. Kaa chini leo jioni na binti yako mchore ule mtaro. Andikeni unachokumbuka: ulikuwa upande gani wa ploti, udongo ulikuwa na rangi gani, mawe na vigae vilikuwa pamoja ama mbalimbali, kulikuwa na majivu au mifupa. Kumbukumbu ya mtu huchakaa haraka kuliko kigae. Msingojee.

Umemtaja foremani, na hapa lazima tuseme ukweli. Kwenye mjengo watu wanaogopa neno "makumbusho" kwa sababu wanafikiri kazi itafungwa na vibarua warudi nyumbani bila pesa. Ninawaelewa. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kuambiwa ajali mambo ya miaka 3,000 wakati kodi ya nyumba ni ya kesho. Katika mambo ambayo nimeyashuhudia mimi mwenyewe, mara nyingi kinachofuata taarifa ni mtu kuja, kutazama, kupiga picha, kuandika na kwenda zake. Lakini nimeona pia mradi mmoja mkubwa ambapo wafanyakazi walionyamaza walibaki na kazi na aliyesema akaambiwa kesho asije. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Ilikuwa kazi ya mwenye mradi kuleta wataalamu wakague ardhi kabla ya sururu ya kwanza, na mzigo huo ukatupwa kwa kibarua. Kama unahofia, leta taarifa bila kutaja jina la aliyekuajiri. Tutashukuru vilevile kwa kujua mahali. Sehemu zilizochunguzwa Lukenya huandikwa kwa herufi GvJm na namba, ambapo herufi hizo zinataja mraba wake kwenye ramani ya Afrika. Taarifa yako inaweza kuongeza nukta moja kwenye mraba huo, katika eneo ambalo machimbo ya mawe na nyumba mpya vinalimeza kila mwaka.

Juu ya video zenu za jioni. Endeleeni kutazama, mradi mzitazame kwa swali lile lile: kitu hiki kilikuwa wapi, na kando yake kulikuwa na nini? Video nzuri itakuonyesha shimo, tabaka, aliyechimba, na kitu kinakohifadhiwa sasa. Video ya kudanganya itakuonyesha kitu kinazunguka peke yake kwenye giza huku muziki wa kutisha ukipiga, kisha itakwambia wataalamu wanaficha.

Kuna uongo mwingine ulio mzito kuliko ule wa majitu na viumbe wa sayari nyingine, nao uliwahi kuvaa suti na kukaa vitabuni: kwamba miji ya mawe ya pwani yetu, Gedi na mingineyo, ililetwa ikiwa tayari na wageni kutoka ng'ambo. Uchimbaji wa Gedi ulioanza mwaka 1948 ulifanywa na watu walioamini hivyo. Miaka ya 1980, kule Shanga katika kisiwa cha Pate, wachimbaji walishuka chini ya msikiti wa mawe. Chini yake wakakuta misikiti mingine iliyojengwa upya mmoja juu ya mwingine pale pale, na huko chini kabisa misikiti midogo ya miti, ya karne ya 8. Mji ulikua kutoka ardhini mwake. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanawake wa Kiafrika na wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa pamoja, na wengi wa waliopimwa walikuwa wa familia za wenye uwezo. Nikasikia watu kwenye matatu wakisema: basi kumbe Waajemi ndio waliojenga. Sivyo. Vinasaba vinataja wazazi, havitaji aliyeweka jiwe la msingi. Wakati uchanganyiko huo unaanza, watu wa Shanga walikuwa wameswali pale zaidi ya miaka 200. Wewe ni fundi, unajua kwamba ukitaka kujua nyumba ilianzaje hutazami waliopanga ghorofa ya juu. Unatazama msingi.

Sitapita bila kugusa jambo la dini, kwa maana huenda binti yako ataulizwa kanisani au msikitini. Mwaka 2006, Makumbusho ya Nairobi yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka mabaki ya binadamu wa kale yasipewe nafasi kubwa kwenye maonyesho. Yalipofunguliwa tena mwaka 2008 mabaki yalikuwepo, na yapo. Binafsi nilifurahi kwamba watu waligombana hadharani juu ya mifupa yetu wenyewe badala ya kuipita kimya. Mwache aone kwanza, aulize baadaye.

Mkipata nafasi ya siku nzima, nendeni Olorgesailie. Mnapita Ongata Rongai, Kiserian, mnavuka bega la Ngong mkiteremka barabara ya Magadi, kama kilomita 70 kutoka Nairobi. Bebeni maji mengi, maana joto la huko halina mchezo. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walikuta pale mamia ya mashoka ya mkono yametapakaa ardhini, na tangu mwaka 1947 mengi yameachwa wazi pale pale ili watu wayaone. Mnatembea juu ya daraja la mbao mkiyatazama chini yenu. Mengine yalitengenezwa takriban miaka milioni moja iliyopita. Katika tabaka za baadaye, za miaka 320,000 hivi, watafiti walipata vibanzi vidogo vya opsidiani iliyobebwa kutoka makumi ya kilomita. Mwambie binti avikumbuke vipande vya mkebe wake, alinganishe.

Ukitaka kushiriki zaidi ya kutazama, milango ipo. Kenya Museum Society, iliyoanza mwaka 1971, ni ya watu wa kujitolea: ina safari, mafunzo na waelekezaji. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyoko Kileleshwa hufanya mihadhara ambayo mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Na vikosi vya uchimbaji huajiri watu wa kuchimba na kuchekecha udongo. Naomba nikwambie kitu ambacho wanafunzi wangu hawapendi kukisikia: kuta za mtaro zilizonyooka kuliko zote nilizowahi kuona kwenye uchimbaji zilikatwa na watu waliotoka mjengoni. Mtu aliyezoea timazi na kamba, anayejua kwa mguu kwamba udongo umebadilika kabla macho hayajaona, huyo tayari anajua nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuandika.

Kwa sasa njooni Makumbusho. Kutoka Kayole mkifika mjini, pandeni matatu za kuelekea Westlands mshukie Museum Hill. Langoni ulizeni idara ya akiolojia, mseme mna kitu cha kuonyesha. Mwache binti abebe mkebe mwenyewe na aeleze mwenyewe. Wewe beba ule mchoro wa mtaro, na kama ile ramani ya ploti ungali nayo kwenye simu, usiifute.